Aliyeshika Shuka

Namba iliyotakiwa kutupeleka Marekani tuliikuta imekunjwa na kuzibia chupa ya mafuta ya nazi.

Msomaji mwenzangu, wewe uliye na mke, watoto na mama mkwe chini ya paa moja, najua hushangai. Karatasi ikiingia nyumbani kwangu, hapa Makorora, Tanga, maisha yake ni siku 3. Siku ya kwanza iko mezani. Siku ya pili iko chini ya sufuria. Siku ya tatu mama mkwe ameshaipangia kazi. Ndiyo maana usiku ule wa mwezi wa tano mwaka 2023, mke wangu, Mama Hakimu, alipokumbuka ghafla kwamba majibu ya bahati nasibu ya Green Card yameshatoka, tulipekua nyumba nzima tangu Magharibi hadi watoto wakaanza kusinzia wima. Magodoro tuliyatoa nje. Kapu la nguo chafu tulilimwaga sebuleni. Tulifungua kila daftari la shule, na humo nikakutana na habari za maksi za hesabu ambazo nitazisimulia siku nyingine.

Muda wote huo mama mkwe alikuwa mkekani na tasbihi yake, anatutazama. Tulipochoka kabisa, akauliza, "Karatasi yenyewe ina Kizungu?"

"Ndiyo, Mama."

"Iko kwenye chupa ya mafuta. Kizibo kilipotea."

Tukaikunjua. Ilikuwa inang'aa kama karatasi ya kufungia maandazi. Tarakimu na herufi karibu zote zilisomeka, ila moja ambayo ilikuwa ama 8 ama B. Tukampa simu Hakimu. Huyu ni binti yetu mkubwa, na jina hilo amelipata kwa haki: ugomvi wa nyumba hii, uwe wa rimoti au wa urithi, hauishi mpaka yeye atamke. Akajaribu 8, ikakataa. Akajaribu B. Akasoma kimya, akarudia kusoma, kisha akamtazama mama yake. "Mama, umechaguliwa."

Mama Hakimu aliketi chini, katikati ya zile nguo chafu, akaanza kuzikunja moja moja kama zilizofuliwa.

Nieleze kidogo kwa asiyejua mambo haya. Bahati nasibu hii ilizaliwa na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990. Viza zake hazizidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na wakati ule maombi yalijazwa kwenye intaneti, kwa kawaida kuanzia Oktoba. Lakini wanaochaguliwa huvuka laki moja, kwa sababu wenye bahati nasibu wanajua wengi wataishia njiani. Kwa hiyo kuchaguliwa si kupata viza. Ni kupewa namba ya foleni, na foleni yenyewe ina siku yake ya kufa. Yetu ilikuwa ife tarehe 30 Septemba 2024. Hakuna barua wanayokuletea wala simu wanayokupigia, unaangalia mwenyewe kwa namba yako. Ukiona mtu amekutumia ujumbe kwamba umeshinda na utume pesa, huyo ni tapeli. Jirani yetu mmoja alishaliwa laki 6 kwa njia hiyo, na mpaka leo anasubiri ndege.

Tulikubaliana usiku ule kwamba habari hii isitoke nje ya mlango. Mimi nilipokuwa nakubali hivyo nilikuwa nimemsahau mwanangu wa pili, Redio Mbao, aliyekuwa amelala juu ya kochi, au ndivyo tulivyodhani. Alfajiri nilipotoka kwenda msikitini, muuza kahawa wa kona alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Mwalimu, mwenzetu, usitusahau huko."

Baada ya hapo nyumba yangu haikuwa yangu tena. Walikuja wa kupongeza, wakaja wa kukopa, wakaja wa kulipwa madeni kabla sijaondoka. Mama wa nyumba ya pili alikuja na kanga akaitandaza juu ya kochi, akapima urefu kwa viganja, kisha akamnong'oneza mke wangu kwamba wakati ukifika asimpe mtu mwingine. Friji liliahidiwa watu 3. Si mimi niliyeahidi. Kiroboto, kitinda mimba wetu mwenye miaka 4, alikuwa anamwahidi kila aliyemletea pipi.

Nimemtaja Kiroboto, basi nirudi nyuma kidogo, mpaka Oktoba 2022, siku tulipopiga picha za maombi. Masharti yao ni makali: mandhari nyeupe, bila miwani, uso umekaa sawa, macho wazi, na kila mtoto picha yake hata kama ni mchanga. Kuta zetu ni za kijani. Mama Hakimu akatoa shuka jeupe la sanduku, lile la wageni ambalo hakuna mgeni amewahi kulilalia. Misumari hakutaka, asilitoboe. Basi Fundi akapanda juu ya stuli, akalishika shuka kwa mikono miwili, akanyoosha mabega kama mtu aliyesulubiwa, na Hakimu akapiga picha kwa simu.

Mimi nilimaliza kwa dakika moja. Mama Hakimu alipigwa mara 9, na mara zote 9 hakujipenda. Redio Mbao hakuweza kufunga mdomo. Kiroboto aligeuka, akafumba macho, akatoa ulimi, akajifunika shuka, akapotea kabisa, tukamkuta jikoni. Fundi alisimama juu ya stuli ile karibu saa nzima na hakulalamika hata mara moja, ila alipoteremka hakuweza kushusha mikono. Ikabidi Bibi Mabegi amchue kwa mafuta ya nazi, kutoka kwenye chupa ileile. Picha ya Kiroboto iliyofaa ilikuwa na kasoro moja tu: pembeni, juu kushoto, vilionekana vidole 4 vya Fundi. Kijana wa steshenari akavikata kwenye kompyuta, akazituma picha 5.

Bibi Mabegi ndiye mama mkwe wangu. Mimi humwita Mama na kumwamkia kwa adabu zote kila asubuhi. Jina hilo ni la wajukuu, naye huitika bila tatizo. Ana shamba lake la michungwa Muheza, na kila akija kwetu husema ni kwa siku 2, ila huja na mabegi. La machungwa, la mihogo, la dawa za majani, la kanga, na mengine ambayo hatujawahi kuona ndani yake. Safari hii, baada ya usiku ule wa karatasi, alikwenda Muheza akarudi na mabegi 7 na sweta jipya la sufu. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba Mama anajua naye anakwenda.

Nani amwambie? Mke wangu alinituma mimi, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nimezoea kueleza. Mimi nikamtuma Baba Mdogo Rotterdam, mdogo wake marehemu baba. Mzee huyu alikuwa baharia miaka ya themanini, na meli yao iliwahi kukwama wiki 11 katika bandari ya Rotterdam. Mambo mengine yote ya maisha yake, ndoa mbili na watoto 8, huyataja kwa kupita. Wiki zile 11 huzisimulia kwa siku. Alikaa na Bibi Mabegi barazani kuanzia Alasiri, akamweleza habari ya baridi kwa undani, jinsi mate yanavyoganda, jinsi sikio linavyoweza kukatika ukilisugua. Aliporudi alisema kazi imekwisha. Kesho yake Bibi Mabegi akaenda mjini kununua soksi.

Miezi 5 tuliishi hivyo. Mwisho Hakimu akakaa naye chumbani akamwambia ukweli: fomu inamtambua mwombaji, mume wake, na watoto wao wasiooa wala kuolewa, wenye umri chini ya miaka 21. Bibi alinyamaza, kisha akauliza, "Yaani wakwe hawamo?" Hakimu akasema hawamo. "Na wazazi?" Hawamo. Bibi akasema, "Watu wa ajabu," akavua sweta. Mabegi hakuyarudisha Muheza.

Lakini aliniuliza swali moja, na swali hilo lilinikaa kifuani. "Mkishakuwa watu wa huko, shamba langu nimwachie nani?" Nilimweleza kwamba Green Card si uraia, mtu anaweza kuishi nayo maisha yake yote na pasipoti yake ya Tanzania mfukoni. Akasema, na miaka 5 ikipita? Alikuwa ameuliza watu, mama huyu. Baada ya miaka 5 mtu huweza kuomba uraia wao, na wengi huuomba. Wakenya tangu Katiba yao ya mwaka 2010 wanaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Sisi hapana; mtu mzima akichukua wa kwingine, wa hapa umekwenda. Na asiye raia, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, wakati ule hakuweza kumiliki ardhi Tanzania ila kwa uwekezaji. Michungwa ile alipanda marehemu baba mkwe, mmoja mmoja, akiteka maji kisimani. Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutaona.

Msinielewe vibaya, mimi nilitaka kwenda. Nilitaka sana. Nimefundisha miaka 19. Nina darasa lenye watoto zaidi ya 90, nawapenda, na nikirudi nyumbani sauti imekwisha. Mama Hakimu ni muuguzi mkunga, usiku wa zamu yake anarudi alfajiri miguu imevimba, analala saa 2 tu, anaamka kupika. Nilipofikiria watoto wangu wakisoma mahali ambapo kila mmoja ana dawati lake na maabara ina vifaa, usingizi ulikuwa hauji kwa furaha. Kwa hiyo tulijaza fomu ile ndefu inayofuata ukichaguliwa, na fomu hiyo nusura itutie kwenye talaka kabla haijatutia kwenye ndege.

Wanataka kila mahali ulipoishi tangu ulipotimiza miaka 16. Kila mahali! Mama Hakimu alikuwa anauliza, mimi najibu, Hakimu anaandika. Tukaenda vizuri: Lushoto, bweni la chuo, Korogwe. Tukafika mwaka 2001. "Magomeni, Dar es Salaam," nikasema. Kalamu ya Hakimu ikasimama. Mama Hakimu akaniuliza, taratibu kabisa, Magomeni kwa nani, maana katika miaka yetu yote ya ndoa hajawahi kusikia Magomeni. Nikamweleza kwamba nilikaa kwa shangazi miezi 7 nikitafuta kazi. Akauliza kwa nini sikuwahi kumwambia. Nikasema hakuwahi kuniuliza. Mwenzangu uliyeoa unajua kwamba jibu hilo, hata likiwa la kweli, halisaidii. Shangazi alipigiwa simu saa 4 usiku, akathibitisha, na kwa kuwa alikuwa ameamshwa akaongeza na mengine.

Kisha ikaja amri ya Kiingereza. Mama Hakimu alipitisha kwamba chakula cha jioni hakuna Kiswahili, tuanze kuzoea. Siku ya kwanza tulikula kimya kabisa. Redio Mbao, ambaye hata akiwa na homa huongea, alitazama sahani kama mtoto yatima. Kiroboto alijua maneno matatu tu, ile salamu ya asubuhi wanayomsalimia mwalimu wa chekechea, basi akaitumia kuombea maji, kuombea mchuzi, na mwisho kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Bibi Mabegi alituangalia wote, akanivuta pembeni. "Baba, mmegombana na mwenzio?" Amri ilifutwa siku ya nne.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yuko Columbus, katika jimbo la Ohio. Namheshimu mtu huyu kwa sababu hakutudanganya kwa lolote. Yeye anafanya kazi ghalani usiku, mke wake anafanya kazi mchana. Mtoto wao wanapokezana mlangoni, mmoja anaingia mwingine anatoka, kwa sababu kumlipa mtu wa kumlea kunakula mshahara wa mmoja wao. Alimwambia dada yake kwamba cheti chake cha ukunga hakitampa kazi ya wodini siku ya kwanza; ni mpaka vyeti vyake vikaguliwe na afanye mtihani wao wa uuguzi. Mpaka hapo atatunza wazee majumbani, awaogeshe, awalishe. "Ni kazi ya halali na inalipa," akasema, "ila mje mkijua." Mama Hakimu, ambaye huku mtaani akipita wanawake wanamwonyesha watoto aliowazalisha, alisikiliza mpaka mwisho. Alisema yuko tayari. Mke wangu haogopi kazi.

Hesabu zenyewe zilikuwa hivi. Pasipoti shilingi 150,000 kwa kila mtu, watu 5. Ada ya viza dola 330 kwa kila mtu siku ya usaili, nayo hairudi hata ukinyimwa. Kwa watu 5 ni dola 1,650, zaidi ya milioni 4 za kwetu wakati ule. Vipimo vya afya mbali. Nyingine dola 235 kwa kila mtu baada ya kupata viza. Tiketi za ndege bado. Tukaingia kwenye mchezo wa kupeana fedha na wauguzi wenzake, tukachangiwa na shemeji, na mimi nikauza pikipiki. Ilipoondoka, Fundi alisimama mlangoni mpaka mlio wake ulipopotea. Ni yeye aliyekuwa akiitengeneza.

Sasa nimwongelee Fundi, maana nimekuwa nikimzungukazunguka kama tulivyomzunguka mwaka mzima.

Fundi ni mtoto wa dada yangu. Dada alijifungua mwezi wa tatu mwaka 2007, akafariki siku ya nne. Mama Hakimu wakati huo alikuwa ananyonyesha, Hakimu ana miezi 3. Walipotoka mazikoni waliniletea kichanga kile kimefungwa kwenye kanga ya mama yake, na mke wangu hakuniuliza neno. Alimpokea, akakaa kwenye stuli, akampa ziwa. Wamelinyonya ziwa lile wote wawili, huyu kulia na yule kushoto, na kwa dini yetu hao ni ndugu wa kunyonya, hata kuoana ni haramu. Mimi ananiita Mjomba. Mke wangu anamwita Mama, na hajawahi kumjua mama mwingine. Pasi, feni, redio, pampu ya maji, kila kitu kinachozunguka au kupata moto katika nyumba hii kinaendeshwa na mikono yake.

Na hayumo kwenye fomu. Pale palipoulizwa idadi ya watoto, mke wangu aliandika 3, kwa sababu waliuliza wa kuwazaa na walioasiliwa kisheria. Sisi hatukuwahi kwenda mahakamani kumwasili. Kwetu nani anakwenda mahakamani kuomba mtoto wa dada yake? Mtoto ameshafika, ameshanyonya, ameshalala. Tulipokuja kuuliza vizuri, tukaambiwa kwa sheria zao mtoto wa kuasili lazima awe ameasiliwa kabla hajatimiza miaka 16. Fundi alikuwa ameitimiza miezi 2 kabla majibu hayajatoka. Oktoba ile, aliposhika shuka, alikuwa na miaka 15.

Tulijidanganya kwa njia nyingi. Tulisema atabaki na Bibi Mabegi, amalize kidato cha nne, halafu tutamvuta. Lakini mwenye Green Card hana njia ya kumvuta mpwa. Usiku mmoja nilipendekeza mimi nibaki naye, wao watangulie. Nikakumbushwa kwamba hata wanaofuata lazima wapate viza kabla ya 30 Septemba ileile. Nikibaki, basi ni miaka, na hata hivyo Fundi hatakuwa na njia. Mama Hakimu akaniuliza, "Nami nilale na nani?" Tukazima taa. Hakuna aliyelala.

Yeye Fundi alikuwa ameshajipanga. Alituambia tuende, atamtunza Bibi. Alisema hivyo akiwa anakula, bila kuinua uso, kama mtu anayesema kesho atakwenda dukani.

Barua ya usaili ilitoka kwa tarehe ya mwezi wa saba 2024. Wiki 3 kabla, Mama Hakimu alirudi kutoka zamu ya usiku, akaingia jikoni kuwasha taa. Akaona utepe wa karatasi umebandikwa juu ya swichi, maandishi ya kalamu ya wino, herufi kubwa ambazo Bibi anaweza kuzisoma: HII YA TAA. Pembeni yake: HII USIGUSE, INA SHOTI. Akageuka. Kwenye jiko la gesi: FUNGA KWANZA CHINI. Kwenye pampu, kwenye feni, kwenye pasi. Nyumba nzima Fundi alikuwa ameiandikia maelezo usiku, sisi tukiwa tumelala. Kwenye friji, ubavuni, palikuwa na mchoro wa mshale na maneno haya: BIBI IKILIA GONGA HAPA MARA MBILI, TARATIBU.

Nilimkuta mke wangu amesimama mbele ya friji, bado ana sare ya kazi, mkoba begani. Hakulia kwa sauti. Alisema, "Mtoto wangu anajiandaa kuachwa, na anajiandaa vizuri."

Asubuhi ile alituita wote jikoni. Hakukuwa na kikao. Alisema haendi mahali ambapo atatakiwa kuapa mbele ya mtu kwamba ana watoto 3. Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na hoja, nilikuwa nimeziandika hata kwenye daftari, habari za maabara na madawati, na bado naamini zilikuwa hoja nzuri. Hakimu akasema, "Mama, nami nilikuwa siendi. Nilikuwa sijui niseme vipi." Basi, mwenzangu, Hakimu akishatamka unajua mambo yanakuwaje. Redio Mbao akauliza kama anaweza kwenda kumwambia muuza kahawa. Kiroboto akauliza friji. Fundi alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya uani, na Bibi Mabegi akamfuata na chupa ya mafuta akidai anataka kumchua mabega. Walikaa huko hadi Adhuhuri.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mama mwenye kanga ya kochi hakutusalimia mwezi mzima. Aliyenunua pikipiki alikataa kuiuza tena. Ndugu kadhaa wa upande wangu walinipigia kuniambia nimetupa riziki ya watoto wangu wa damu kwa ajili ya mmoja, na mmoja wao ni mtu ninayempenda, na maneno yake bado yananiuma nikiyakumbuka. Siwezi kumjibu kwa hesabu, maana kwa hesabu yuko sahihi. Shemeji Ohio alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Sawa, shemeji," na mwezi uliofuata akatuma jozi 4 za viatu vya watoto, saizi ya Fundi ikiwemo.

Tarehe 30 Septemba 2024 ilikuwa Jumatatu. Nilikwenda shule kwa baiskeli, kama nusu ya mji huu wa Tanga inavyokwenda. Niliporudi pampu ilikuwa imefunguliwa uani vipande vipande juu ya lile shuka jeupe, lina grisi, na Mama Hakimu hakusema kitu.

Mwezi uliofuata tulipeleka maombi mahakamani ya kumwasili Fundi. Ofisa ustawi wa jamii alikuja nyumbani mara 2, akaongea naye peke yake, akaongea na Hakimu, akanywa chai na Bibi Mabegi akaondoka na machungwa. Cheti cha kuzaliwa tulikuwa nacho, cha kifo cha dada ilibidi kitafutwe. Fundi alifanya mtihani wake wa kidato cha nne Novemba, sasa anasoma ufundi umeme. Amri ya mahakama ilitoka wiki 3 kabla hajatimiza miaka 18.

Wewe unayelea mtoto wa ndugu yako, na najua mko wengi, kasafiri au usisafiri, hilo ni lako na mwenzio. Lakini nenda mahakamani mapema. Kwa sheria yetu mwisho ni miaka 18, kwa sheria yao ni 16. Leo usiku mwulize tarehe yake ya kuzaliwa, uhesabu miezi.